Maji ya Udhu Hayapanguswi

Mguu wangu wa kushoto ni mkubwa kuliko wa kulia. Tuanze hapo, maana ndipo macho ya watu yanapoanzia. Mgeni akiingia uani kwangu hutoa salamu, hukaa, huuliza habari za uvuvi wa ndagala na za mvua, na muda wote huo macho yake yako chini yanaupima mguu. Mimi humwacha. Akizidi humwambia, "Uangalie vizuri, ukifika kwako usije ukasimulia nusu." Huona haya kidogo, kisha tunaanza kuzungumza kama watu.

Ni matende. Yalinianza nikiwa mwari, kabla sijaolewa, hapa hapa Rumonge kando ya ziwa, wakati wa Wadachi, hao Wajerumani waliotutawala. Kwanza kifundo kilivimba jioni, asubuhi kikapungua. Baadaye kikachoka kupungua. Siku ya ndoa yangu mguu ulikuwa umejaa mpaka chini ya goti, na vidole vimebanana kama watoto waliolazwa mkeka mmoja. Mume wangu alinichukua hivyo hivyo. Alikuwa fundi wa kushona kanzu na kofia kwa mkono, mtu wa maneno machache. Jamaa zake walipomwambia kwamba anaoa mguu, aliwajibu kwamba yeye hushona kanzu na mguu hauingii kwenye kipimo. Nilipoletewa maneno hayo nilimpenda papo hapo, na sijaacha ingawa amekwisha kutangulia.

Watu wengine walisema yao. Nimerogwa. Nimeruka kafara njia panda. Mama yangu alimcheka kilema alipokuwa na mimba yangu. Nilikuwa nawajibu wote, mmoja mmoja, maana Mungu akikupa mguu mzito hukupa na ulimi mwepesi. Lakini ukubwa wa mguu haukuwa shida yangu. Ukubwa unauzoea, kama mtu anavyozoea kubeba mtungi. Shida yangu ilikuwa homa.

Asiyeijua homa ya mguu nitamweleza. Jua linawaka, wenzako wanatafuta kivuli, wewe unatetemeka na kuomba nguo ya kujifunika. Kinenani unatokea mtoki, uvimbe mgumu kama kokwa ya chikichi, ukiguswa unapiga ukelele. Kisha mguu wenyewe unaiva. Ngozi inang'aa, inakuwa ya moto hata aliyekaa kando yako anausikia ule moto, na huwezi kuvumilia hata upindo wa kaniki kupita juu yake. Unatapika. Unaweweseka. Ukipona unaukuta mguu umeongezeka kidogo, na hicho kidogo hakirudi tena.

Na kwa mwanamke anayenyonyesha, homa ile hukausha maziwa.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa wa kiume. Arobaini yetu ilipita salama, akanenepa, akaanza kumcheka baba yake. Baadaye kidogo homa ikanishika, na ilipoondoka iliondoka na maziwa. Tulimpa uji wa muhogo, tukampa maziwa ya mbuzi, tumbo likamharibika. Tulimzika upande wa michikichi. Watu walisema ni kijicho, kwa sababu alikuwa mtoto mzuri. Mama mkwe wangu alisema ni kazi ya Mungu. Mimi sikusema kitu, na wanaonijua watakwambia kwamba hilo ndilo lililowatisha.

Basi niliposhika mimba ya pili, nilikuwa na hofu moja tu, na kila mtu nyumbani aliijua. Homa ikija, maziwa yataondoka. Maziwa yakiondoka, mtoto huyu atamfuata kaka yake.

Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mume wangu, na mama yake. Mama mkwe alikuwa amevuka kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Manyema, pamoja na marehemu mumewe, na alikuwa mtu wa dini kuliko wanaume wengi wa mji huu. Hakuwahi kuchelewa sala. Mtungi wa udhu aliuweka uani, mbele ya mlango, mahali ambapo angeweza kuona nani ananawa na ananawaje. Ukiruka kiwiko anakurudisha. Alinipenda, nadhani, kwa namna yake. Alikuwa akisema mguu wangu ni mtihani, na kwamba mwenye mtihani lazima awe hodari wa udhu.

Na kwetu, kwa Waislamu wa mwambao huu wa ziwa, kulikuwa na jambo ambalo halikuhitaji kuelezwa: maji ya udhu hayapanguswi. Unanawa, unayaacha yadondoke yenyewe, maana kila tone linaondoka na dhambi, na mwenye kupangusa anazirudisha mwilini. Watoto walilijua hilo kabla hawajajua alifu. Saa ya sala ungewaona watu wa Rumonge wakienda msikitini mikono inachuruzika, wameiinua mbele yao kama waliobeba kitu kisichoonekana. Warundi walioteremka milimani kuleta maharage walikuwa wanawatazama na kucheka. Sisi tuliona fahari.

Mwaka niliojifungua tena, Wadachi walikuwa wanafyekesha vichaka ufukweni kwa ajili ya malale, ule ugonjwa wa usingizi. Walipita na daktari wao na askari, tukapangwa mstari, daktari akatubonyeza shingo mmoja mmoja kutafuta tezi. Mimi na tumbo langu nilisimama pale juani mpaka zamu yangu ikafika. Akanibonyeza shingo, akautazama mguu, akamwambia askari neno. Askari akasema, "Wewe mzima, pita."

"Muulize, na huu mguu je?"

Askari akacheka. "Mama, bwana huyu ametumwa shingo tu."

Basi. Shingo yangu ilikuwa nzima, kwa hiyo nami nilikuwa mzima. Nikarudi nyumbani nikiburuta uzima wangu.

Nilijifungua mtoto wa kike. Mama mkwe alinishika arobaini mwenyewe, hakutaka mkono wa mwingine. Asubuhi na jioni alinichemshia maji, akaniogesha mwili mzima kwa sabuni yetu ya majivu na mawese. Kisha alinikausha kwa kitambaa, kila pembe ya mwili, nyuma ya masikio, chini ya maziwa, katikati ya vidole vya miguu kimoja kimoja, kwa sababu mzazi akibaki na unyevu baridi humwingia mifupani. Halafu alinipaka mise, yale mafuta meusi ya kokwa za mchikichi, mpaka ngozi ikalainika. Nilikaa kitandani miguu imeinuliwa, sitoki, sikanyagi udongo, na kwa kuwa mzazi hasali, sikugusa maji ya udhu. Mguu ukatulia. Harufu iliyokuwa inaniaibisha ikaondoka. Nyufa za kisigino zikafunga. Mume wangu alichungulia siku moja, akasema, "Mguu umekuwa kama wa bibi harusi." Nikamuuliza wa bibi harusi yupi, kwa sababu wa kwangu yeye aliuona.

Arobaini ikaisha. Nikatolewa nje na mtoto, nikarudi kwenye mkeka wa sala, na kwenye mtungi. Haikuchukua muda vidole vikaanza kuwasha, na ile harufu ikarudi.

Mama mkwe naye aliliona, maana hakuna kilichompita. Akalitafsiri mwenyewe. "Ukiacha sala mguu unapona. Ukianza kusali unaumwa. Huoni? Huyo ni shetani amekaa humo, hataki sala. Dawa yake ni kuzidisha." Akaniongezea sala ya dhuha. Udhu mwingine, maji mengine.

Siku moja baada ya alasiri nilikaa nyuma ya nyumba nikimnyonyesha mtoto, mguu nimeunyoosha juani. Nilikuwa nimekaa hapo muda, mguu wote umekauka, hata vumbi limeshaukalia. Vidole vikawasha. Nikatia kidole cha mkono kati ya kidole cha mwisho na mwenzake, nikakuta maji. Jua lote lile, na mle ndani bado kumelowa! Nikavipanua vidole kwa nguvu nikatazama. Ngozi ya mle ilikuwa nyeupe, imevimba kwa maji, ukiisugua inatoka kama ugali wa jana. Chini yake palikuwa na mpasuko mwembamba kama uzi, unauma.

Magharibi nilimtazama mume wangu akinawa. Vidole vyake vilikuwa vimeachana, upepo unapita, na kabla hajaufikia mkeka vilikuwa vikavu. Vyangu havikuwa na nafasi hata ya upepo. Kumbe lile ambalo kwa wenzangu lilikuwa maji ya kudondoka, kwangu lilikuwa maji ya kukaa. Nikakumbuka mkono wa mama mkwe wakati wa arobaini, unavyopita na kitambaa kidole kwa kidole. Nikakumbuka na arobaini ya kwanza, ya yule mtoto wa kiume, kwamba nayo mguu ulitulia hivi hivi. Nilisimama na mtoto kifuani nikamfuata mama mkwe jikoni.

"Mama," nikamwambia, "mguu huu hauna shetani. Una maji. Yanabaki kati ya vidole, ngozi inaoza, ndipo homa inapoingilia. Kwenye arobaini ulikuwa unanipangusa."

"Yale yalikuwa maji ya kuoga."

"Na haya?"

"Haya ya udhu. Astaghafirullahi, mwanangu! Unataka kujipangusa thawabu?"

"Thawabu zibaki. Nataka vidole vikauke."

"Mungu atavikausha."

"Mungu amenipa na mikono."

"Na ulimi," akasema, akikoroga chungu. "Ulimi alikupimia kwa pishi."

Hapo mazungumzo yakaisha. Lakini mimi nilikuwa na mtoto wa kunyonyesha, sikuwa na nafasi ya kushindwa mabishano. Nikaokota vipande vya merikani vilivyobaki kwenye ushonaji wa mume wangu, vyembamba, laini. Nikawa natawadha mbele ya mama mkwe kama anavyotaka, maji yanachuruzika, nasali, kisha nazunguka nyuma ya nyumba naingiza kitambaa kati ya kila kidole mpaka kitoke kikavu. Vitambaa navifua kwa sabuni, navianika kwenye uzio wa matete, juu yake nafunika kaniki visionekane. Mwasho ukapungua. Ule mpasuko ukaanza kufunga. Nilikuwa na furaha ya mwizi ambaye hajakamatwa.

Nikakamatwa. Asubuhi moja upepo wa ziwa uliichukua kaniki, na mama mkwe akaja kuiokota. Akaviona vitambaa. Sasa nyinyi fikirini: vipande vyembamba vya merikani, vimefuliwa, vimeanikwa mafichoni nyuma ya nyumba. Kila mwanamke anajua vitambaa vya namna hiyo ni vya nini, au anadhani anajua. Alikuja mbio, ushungi umemwanguka.

"Umo hedhini!" akanipigia kelele. "Umo hedhini, na jana umesimama nyuma yangu ukasali! Umegusa na msahafu!"

"Mama, mimi nanyonyesha. Hedhi haijarudi."

"Basi hivi ni vya nini?"

Nikamwambia kweli. Nilidhani atashukuru, hata kucheka kidogo. Wapi! Alikasirika mara mbili. Hedhi, alisema, ni amri ya Mungu, mtu haichagui. Lakini kupangusa udhu kwa siri, siku baada ya siku, huku unakuja kusimama kwenye safu, huo ni ukaidi. Alivikusanya vitambaa vyote akavitia motoni chini ya chungu cha muhogo. Kisha akamwita mwanawe, akamkataza kuacha hata kipande cha nguo mikononi mwangu. Mume wangu alinitazama, akamtazama mama yake. Kwetu mtu hachezei radhi ya mama. Akainamisha kichwa, akakusanya vipande vyake akavifungia sandukuni.

Nilimchukia mwanamke yule. Sisemi nilimkasirikia, nasema nilimchukia. Kila nilipotawadha alikuwa amekaa kizingitini ananitazama mpaka sala iishe na maji yaishie yanakotaka. Na mimi nilijua yanakotaka. Nikawa napanua vidole kwa mikono, napuliza kwa mdomo kama ninayewasha kuni mbichi, kila anapogeuka. Haikusaidia.

Homa ilinishika adhuhuri, nikitwanga. Niliuacha mchi ndani ya kinu nikakaa chini, meno yanagongana. Nilijishika kinenani. Mtoki ulikuwa tayari.

Walinilaza. Mguu ukaiva vile vile ninavyoujua, na mimi sikuwa naulilia mguu. Nilikuwa namtazama mtoto. Siku ya kwanza alinyonya, akavuta, akapata. Iliyofuata akavuta, akaachia, akalia, akavuta tena. Baadaye akaacha kulia. Kaka yake alianza hivyo hivyo, na kimya kile ndicho kilichonipandisha kichaa. Mama mkwe alikuwa amembeba, anatembea naye chumbani huku midomo inasoma dua. Naye alikikumbuka kimya kile.

Akafanya alilolijua. Akatuma aitwe mchanjaji wa kijiji cha Kizuka, yule mzee wa wembe na pembe, aje autoe mguu damu mbaya. Mara ya kwanza, ya mtoto wa kiume, walishanifanyia hivyo. Walinikanda kwa mawe ya moto mpaka ngozi ikatoka malengelenge, kisha wakanichanja, na chale zile zilitoa maji kwa muda mrefu kuliko homa yenyewe. Kila chale ilikuwa mlango mwingine. Mchanjaji alipoinama mlangoni na mfuko wake, nilijiinua kwa viwiko.

"Shikamoo, baba. Wembe huo ukinigusa mimi, utakugusa na wewe."

"Ana homa kali," mama mkwe akamwambia. "Anaweweseka."

"Siweweseki! Sitaki moto, sitaki wembe. Inueni mguu muuweke juu ya magunia. Leteni maji baridi na nguo ya kuulowesha, muikamue. Nipeni maji ya kunywa, mengi. Na mtoto huyo nipeni, awekwe kwenye ziwa hata kama hakuna kitu, mpaka kiwepo!"

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, kati ya mama yake na mimi. Nilimwambia, "Baba mtoto, huyu ndiye wa pili." Akageuka akatoka. Nilidhani amekimbia, na nililia hapo kwa mara ya kwanza, kwa sauti, kama mtu aliyefiwa.

Hakukimbia. Alikwenda kwenye chuo cha Kurani, akamkatiza mwalimu katikati ya somo, akaja naye. Mwalimu wetu alikuwa mtu mnene, mpole, mpenda samaki, na aliposimama nje ya pazia alikuwa bado anahema.

"Mama," akamwambia mama mkwe, "mwanao ananieleza jambo silielewi. Nani aliwaambia kupangusa maji ya udhu ni haramu?"

"Ndivyo tulivyofundishwa, maalim. Dhambi zinadondoka nayo."

"Kuyaacha ni kuzuri kwa mzima anayeweza. Kilichoharamishwa ni mtu kujidhuru. Kama maji yanamdhuru apanguse, tena apanguse sana." Akakohoa. "Mimi mwenyewe, asubuhi za baridi, najipangusa kwa ncha ya kanzu."

Mchanjaji akaushusha mfuko wake chini.

"Mbona hukutuambia?" mama mkwe akauliza.

"Hamkuniuliza. Nawaona mnakuja mikono inachuruzika, nikadhani mnapenda."

Ningecheka kama ningeweza. Mchanjaji alifungasha pembe lake, akapewa samaki wa njiani, akaondoka akinung'unika kwamba siku hizi wagonjwa ndio waganga. Mwalimu akasoma dua, akaenda zake. Mama mkwe akabaki amesimama na mtoto mabegani. Kisha alimlaza mtoto kifuani kwangu, akatoka, akarudi na nguo yake nyeupe ya sala. Alichana pindo lake kwa meno. Akakaa miguuni pangu, akaanza kupangusa kati ya vidole, taratibu, kwa sababu kila alipogusa nilipiga kelele.

"Vumilia," akasema.

"Ninavumilia. Wewe ndiye unayelia."

Mguu ulikaa juu ya magunia. Kila nguo ilipopata moto wa mguu ilibadilishwa, na mume wangu ndiye aliyeteka maji. Hakushona kitu siku zile. Mtoto aliwekwa kifuani mchana kutwa, akaambulia matone, akaachia, akarudishwa. Homa ikaanza kulegea. Asubuhi moja mtoto alivuta, akapata kidogo, hakikumtosha, akanipigia kelele mpaka uso ukamwiva. Mama mkwe alitaka kumchukua, nikakataa. Nilifurahi mno. Mtoto anayekasirika namna ile hana haraka ya kufa. Jioni yake maziwa yalishuka, nikayasikia yanavyoshuka, nikamwita mume wangu aje aone kanga yangu ilivyolowa kifuani. Alikuja, akaona, akakaa chini kwenye udongo.

Tangu hapo nyumba yetu ilikuwa na utaratibu mwingine, na ndio ninaoufuata mpaka leo. Mguu unaoshwa kwa maji safi na sabuni, unakaushwa kwa kupapasa, si kwa kusugua, na kati ya vidole kitambaa kinapita mpaka kitoke kikavu. Ngozi inapakwa mise isipasuke, ila mle kati ya vidole sitii mafuta, pabaki pakavu. Kila siku nautazama mguu mzima, nyuma na chini, na nisipoweza kuona namwita mwenye macho, maana mwiba mmoja wa mchikichi unatosha. Kidonda kikitokea naosha, nafunika kwa kitambaa safi. Sitembei peku. Mume wangu alinipimia mguu, safari hii uliingia kwenye kipimo, akanishonea kubadhi ya ngozi ya ng'ombe, pana kama ungo, nikatembea nayo mjini huku watu wakicheka na mimi nikicheka zaidi yao. Nikikaa nauinua. Vitambaa vilianikwa mbele ya nyumba, kwenye kamba, mchana, na aliyeviuliza alijibiwa na mama mkwe mwenyewe.

Mguu haukurudi mdogo. Nisidanganye mtu. Homa nazo hazikwisha kabisa, lakini zilikuwa adimu, na haikuja nyingine mpaka mtoto wangu akaacha ziwa.

Mama mkwe hakuniachia kazi ile ya kupangusa. Nikitawadha, yeye anakaa chini na kitambaa, nami naunyoosha mguu, na maneno yetu ya siku nzima tunayasema hapo. Siku moja mtoto alikuwa ameshaanza kusimama. Alikuwa amemshika bibi yake begani kwa mikono miwili, anayumba, anacheka, meno yake mawili yako nje. Mama mkwe alikuwa kwenye kidole cha mwisho. Akasimamisha mkono. Hakuinua kichwa.

"Na yule wa kwanza, mwanangu, angepona?" akauliza.

Mimi ni mtu wa majibu. Mwambao mzima unanijua. Nilitazama kichwa chake kilivyokuwa na mvi, nikaitazama ile mikono midogo begani mwake. Alikuwa amengoja muda gani kuniuliza, sijui.

"Mama," nikamwambia, "hapo katikati pana maji bado."

Akainama, akapangusa.